Cole, besi ya kwanza ilikuwa tupu!
Oktoba 30, 2024, fainali ya besiboli ya Marekani (World Series), Yankees wanaongoza Dodgers 5-0, iningi (kipindi) ya tano. Aaron Judge wa Yankees anaangusha mpira rahisi, mwenzake Anthony Volpe anarusha vibaya kwenda besi ya tatu. Gerrit Cole, mrushaji wa Yankees, anawatoa wapigaji wawili, halafu Mookie Betts wa Dodgers anapiga mpira dhaifu kwa Anthony Rizzo, mlinzi wa besi ya kwanza, na Cole anasimama badala ya kukimbilia besi hiyo! Inauma mno. Mpira ukienda upande wa kulia, mrushaji huondoka papo hapo: hulenga mstari wa kwenda besi ya kwanza, hatua chache kabla ya besi, huufuata sambamba, hupokea mpira, ndipo hukanyaga ukingo wa ndani kwa mguu wa kulia. Hili ni zoezi la Februari, la maandalizi ya msimu. Dodgers wakaingiza mapointi 5. Mechi ikaisha 7-6, Dodgers wakishinda.

Na siku 5 kabla, katika mechi ya kwanza ya fainali hiyo, kocha wa Yankees Aaron Boone alimwingiza mrushaji Nestor Cortes, ambaye hakuwa amecheza tangu Septemba. Freddie Freeman wa Dodgers akaupeleka mpira jukwaani, besi zote zimejaa, na Yankees wakapoteza.