Wiki ya 9: mkono wa kulia umegoma

Nianze na habari mbaya. Kasi imekwama pale pale, mapigo 160 kwa dakika. Kila pigo uzi wa gitaa unatakiwa kuguswa mara nne, chini-juu-chini-juu, yaani mara 640 kwa dakika, na wimbo una dakika sita. Ikifika dakika ya pili kiganja kinakakamaa, bega linapanda lenyewe hadi karibu na sikio, na piki, kile kibao cha kugusia uzi, inanitoka inaruka chini ya kitanda. Nimeshaokota tano huko, pamoja na soksi niliyoitafuta tangu Pasaka.

Kwa aliyeingia leo: narekodi nyimbo tatu peke yangu, chumbani, kwa mashine ya kaseti yenye njia nne, kila njia ikirekodiwa peke yake, kwa mtindo wa black metal (roki nzito ya magitaa ya kasi na sauti za kukoroma) ya Uswidi ya miaka ya 1990. Watu huniuliza kwa nini si Norwe. Norwe ilibeba vichwa vya habari kwa makanisa yaliyochomwa moto na baadhi ya wanamuziki wa mtindo huu. Mimi nilivutwa na magitaa, na magitaa yaliyonivuta yalitoka Uswidi. Hata hao wa Norwe walichota kisima cha Bathory, bendi ya Stockholm iliyoanzishwa 1983 na kijana wa miaka 17 aliyejiita Quorthon. Albamu yao ya kwanza, 1984, ilirekodiwa kwenye gereji iliyogeuzwa studio, na ukisikiliza unajua kabisa kwamba ni gereji. Jalada lina mbuzi. Alitakiwa awe wa dhahabu, akatoka wa manjano, nakala 1,000, na leo wakusanyaji wanamsaka huyo wa manjano kama lulu. Nikikatishwa tamaa na sauti ya chumba changu namkumbuka yule mbuzi.

Ila walioniteka hasa ni Dissection, bendi ya mji wa Strömstad, Uswidi. Albamu zao The Somberlain ya 1993 na Storm of the Light's Bane ya 1995, zote zimerekodiwa kwa mtayarishaji Dan Swanö, studio ya Unisound. Mara ya kwanza nilisikia fujo tu. Mara ya tatu au ya nne nikagundua ndani ya ile fujo kuna kitu kinaimba, na kinachoimba ni gitaa. Sisi tuliokulia nyumba zenye redio ya dansi tumezoea solo na rizimu kujibizana. Hapa hakuna majibizano. Magitaa mawili yanapita njia moja kwa wakati mmoja, moja likiwa juu kidogo ya jingine, na baridi yote ya muziki ule inapenya kwenye huo mwanya mdogo kati yao. Ondoa gitaa la pili, baridi inaisha. Nimejaribu.

Na hapo ndipo Jumamosi yangu ilipoharibika. Gitaa la kwanza lilikaa vizuri njia ya 2. Nikarekodi la pili njia ya 3, nikasikiliza: mbuzi tena, safari hii anachinjwa. Nikatiuni upya mara nne, wapi! Kumbe kile kinobu cha kupunguza mwendo wa kaseti kilisukumwa na mkono wa shati, kwa hiyo gitaa la kwanza lote lilikuwa limeshuka. Nikaiacha mashine kama ilivyo, nikatiuni kwa kuisikiliza kaseti badala ya kufuata kifaa cha kutiunia. Sasa yanakaa pamoja, tena yana kiwingu ambacho nisingekipata kwa makusudi. Nimekibakiza.

Jambo moja silifichi. Jon Nödtveidt, kiongozi wa Dissection, alihukumiwa kwa kushiriki mauaji ya Josef ben Meddour, Mwalgeria, yaliyofanyika Gothenburg mwaka 1997. Alitoka jela 2004, akajiua 2006. Nilipoyasoma hayo niliziweka kando zile albamu kwa miezi. Nimezirudia, maana masikio yangu yameshazijua, lakini picha yake haitakaa ukutani kwangu. Wimbo wangu wa pili hauna maneno kwa sababu hiyo: kila nilichoandika kilikuwa kinachezea kifo kama mwanasesere.

Wimbo wa tatu una maneno. Jana jioni nilifunga dirisha, nikaning'iniza blanketi mlangoni, nikaanza kukoroma kwa koo kama nilivyojifunza, pumzi ikitoka tumboni. Ubeti wa pili mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba.

"Baba, unaumwa?"

"Shikamoo mama. Hapana, naimba."

"Marahaba." Akaliangalia blanketi, akaniangalia mimi. "Unaimba nini?"

Nikamwambia ni muziki wa Uswidi, wa baridi. Akaondoka bila neno. Baada ya nusu saa akarudi na kikombe cha uji wenye pilipili manga, akasema koo la baridi halichezewi.

Nimekunywa wote. Ubeti wa pili nimeurudia baada ya uji na umetoka vizuri kuliko wa kwanza, kwa hiyo sasa itabidi niurudie wa kwanza pia. Mkono wa kulia naurudisha mapigo 140 hadi Ijumaa.