Punda wa Msalato na sheria ya mwaka 2008

Jumamosi iliyopita, nikitoka mnadani Msalato, Dodoma, nilimkuta punda amesimama katikati ya barabara ya vumbi huku akiwa amefungwa kwenye mkokoteni uliojaa madumu ya maji, na kijana aliyemwongoza alikuwa akimchapa karibu na kidonda cha begani kilichochimbwa na kamba. Nilipomsihi aache, alinijibu kwa upole kabisa, "Huyu amezoea, mama."

Sikumwona katili. Alisema alichofundishwa, kama mimi niliyekulia kijijini Bahi, ambako tangu utotoni nilisikia kwamba shukrani ya punda ni mateke, lakini sikuwahi kusikia methali inayouliza sisi tunamshukuruje.

Jibu lile limenikaa moyoni kwa sababu linapingana na sheria ya nchi yetu, Tanzania. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtaka kila anayeitekeleza azingatie kwamba mnyama ni kiumbe chenye hisia, na inatambua uhuru wa aina tano, ukiwamo wa kutokuwa na njaa na kiu, na wa kutopata maumivu, majeraha na magonjwa. Uingereza ilitunga sheria yake mahususi ya kutambua hisia za wanyama mwaka 2022, miaka 14 baada yetu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba jambo hili ni la kuazima.

Mwaka 2024 wakuu wa nchi za Afrika, wakiwa Addis Ababa, waliafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nililipokea kwa furaha, kwani punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Hata hivyo, punda aliyenusurika kisu bado anarudi kwenye kamba ile ile.

Sheria ya 2008 ilitungwa kwa Kiingereza, lugha isiyosikika mnadani. Ningependa afisa mifugo apewe kipaza sauti kila siku ya mnada, kabla ng'ombe wa kwanza hajanadiwa, aeleze kwa Kiswahili na kwa Kigogo kwamba kidonda kile ni kosa, na namna ya kukizuia.

Kijana yule tulizungumza kama dakika kumi. Alishusha madumu manne, akakunja gunia kuukuu na kulisokomeza chini ya kamba ili isiguse kidonda, kisha akaniuliza dawa ya vidonda vya punda inauzwa wapi.