Jinsi ninavyofundisha watoto wa mtaani kwetu kusoma kwa vizibo vya soda

Mimi ni fundi cherehani, niko Sengerema, elimu yangu kidato cha nne basi, ualimu sijausomea hata siku moja. Ila watu wananiulizaga sana nafanyaje mpaka watoto wanaoshinda kibarazani kwangu wanasoma, so acha nieleze.

Kilichonishtua ni mtoto wa darasa la tatu aliyekuja na mama yake kupunguza sketi ya shule. Mama anamsifia, eti huyu anasoma huyu, toa kitabu umsomee anti. Kweli akaanza kutiririka kama redio ila macho yako barabarani kwenye bodaboda, nikachukua kitabu nikakigeuza juu chini, akaendelea tu! Nikamwonyesha neno moja la katikati, kimya. Kumbe kakariri ukurasa mzima, na kiukweli kukariri ukurasa mzima ni kazi ngumu kuliko kusoma, kwa hiyo akili anayo.

Walimu siwalaumu. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamejaa, jambo zuri tu, lakini mwalimu mmoja mwenye watoto mia na kitu atafanyaje, anasoma yeye darasa zima linaitikia, wa nyuma kule anafuata sauti. Alafu huku kwetu nyumbani ni Kisukuma, wengine Kiswahili wanaenda kukutana nacho hukohuko darasani. Bibi mmoja jirani alijifunza kusoma kwenye ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, miaka ya 70 na mpaka leo anasoma vizuri, mjukuu wake yuko la tatu hajui, hilo lilikuwa linaniuma sana.

Basi nikaomba vizibo kwa jirani mwenye grosari, nikavigonga na nyundo vikawa bapa visiwakate, nikaandika herufi moja moja kwa maka peni, vokali nyekundu zingine nyeusi. Sianzi na a mpaka z. Naanza na a, e, i, o, u, naongeza m tu, tayari wana mama na mimi, alafu k na t. Hapo ndo raha inapoanza, napanga KATA, wanasoma, natoa kizibo kimoja cha mwisho naweka i, inakuwa KATI, nabadilisha tena kimoja, KITI, tena kimoja, KITU. Wanapiga kelele mpaka wateja wanachungulia. Mwisho naweka neno ambalo halipo kabisa, mfano TIKAMU, coz neno lisilokuwepo hakuna aliyelikariri, akilisoma hilo najua anasoma kweli. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa kwa hiyo akishashika silabi anafungua karibu kila kitu, zinazosumbua ni kina nyw, mbw na ng', na r na l ambazo huku kwetu mdomoni ni kitu kimoja.

Muda ni jioni, nusu saa inatosha, zaidi ya hapo ni fujo. Wakubwa wanafundisha wadogo mi naendelea na cherehani yangu.

Vitabu vya hadithi sina, wanasoma gazeti la kufungia maandazi, mfuko wa saruji, na kanga za wateja. Kuna mama alileta kanga nimkunjie pindo ampelekee mama mkwe wake zawadi, katoto kakasoma kwa sauti, "Mdomo wako utakuponza." Yule mama hajui kusoma, alichagua rangi tu dukani, alicheka mpaka akakaa chini, kanga akabaki nayo mwenyewe.

Mwanzo wazazi walidhani nataka hela, wengine wakasema nawachelewesha watoto kuchota maji. Kilichowabadilisha ni simu. Yule yule wa kitabu cha juu chini alimsomea bibi yake meseji ya matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", na bibi alikuwa kweli anasubiriwa atume hela ya mahindi, mtoto akaangalia jina akasema bibi huyu sio mjomba. Habari ilizunguka mtaa mzima. Sasa hivi kina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanaenda na watoto siku ya kikao, mtoto anasoma daftari kama hisa za mama zimeandikwa sawa, na katibu naona siku hizi anaandika vizuri zaidi, haha.

Wapo waliokwama pia. Mmoja nilimwona anasogeza kizibo mpaka puani, nikamwambia mama yake amwahishe hospitali, ni macho, darasani alikuwa anaitwa mjinga bure.

Ukitaka kuanza kwako, kusanya vizibo vingi kabla hujawaita watoto, na herufi a iandike kwenye vingi kuliko zote, mi zangu ziliisha siku ya kwanza nikaanza kukata maboksi.