Vumbi la Birere

Nilimaliza chuo hapa Goma mwaka 2014, miaka 5 kamili: 3 ya gradua, ngazi ya kwanza ya chuo, na 2 ya lisansi, ngazi ya pili. Nyumbani walikuwa wananiita Enjenia hata kabla diploma haijatoka. Kazi nikaipata kwenye kibanda cha fotokopi na ukarabati wa kompyuta kule Birere. Siku ya kwanza nilivaa tai.

Juma la pili akaja dada mmoja, mwanafunzi, na laptopu yake. Inajizima kila baada ya dakika kumi, na tasnifu anaitetea mwezi huu. Nikatamka palepale: virusi. Nikafomati diski, nikaanza kuweka Windows upya. Ikajizima mara mbili katikati ya kazi. Virusi gani hivyo, vinavyoishi kwenye diski tupu? Sikujiuliza.

Pembeni yetu alikaa mzee fundi wa redio.

"Kijana, umeifungua?"

"Nimeiwasha, Mzee."

"Kufungua, nimesema."

Akachukua bisibisi, akatoa skrubu moja moja akizipanga ndani ya kifuniko cha kopo la maziwa. Kati ya feni na vibati vyembamba vya shaba, vumbi lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi, jeusi tii. Vumbi la Birere si udongo. Ni lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ile iliyopita katikati ya mji Januari 2002, inayosagwa na magurudumu na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, kila siku. Hewa haipiti, prosesa inachemka, kompyuta inajizima isije ikaungua. Basi. Mzee akasugua kwa mswaki, akapuliza, akapaka prosesa pasta mpya ya kupitisha joto. Ikawaka saa nzima bila kuzima.

Dada akafurahi, akaivuta kwake atafute tasnifu.

Hapo naruka kidogo.

Alichobaki nacho ni nakala ya karatasi, kurasa 62, imejaa kalamu nyekundu ya msimamizi wake. Nilizipiga zote upya, siku tatu usiku, umeme umekatika, jenereta inanguruma. Mafuta yalitolewa kwenye mshahara wangu, na sikuwa na neno.

Shukrani tuliziacha mwisho, akanisomea mwenyewe: Mungu, wazazi, msimamizi, "na Mzee wa redio wa Birere."

Nikasubiri, vidole juu ya kibodi.

"Weka nukta, kaka," akasema.