Nyumba Likoni, mshahara Tanga: nilivyopanga ushuru na pensheni

Mimi ni fundi umeme kiwandani Tanga. Mke wangu na watoto wako Likoni, Mombasa, kwenye nyumba tuliyojenga wenyewe. Wenzangu wengi tuliovuka nao mpaka wa Lunga Lunga wanaamini kwamba ukishakaa Tanzania zaidi ya siku 183 kwa mwaka, ushuru wa Kenya haukuhusu tena. Sikuridhika. Likizo moja nikaenda KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hapa Mombasa.

Dada wa kaunta wala hakuuliza siku.

"Kaka, nyumba yako ya kudumu iko wapi?"

"Likoni."

"Na mwaka huu umekuja?"

"Kila likizo."

"Basi wewe ni mkaazi."

Ndivyo sheria ilivyo. Mwenye makao ya kudumu Kenya, akiwepo nchini muda wowote ndani ya mwaka, ni mkaazi. Zile siku 183 ni za asiye na makao. Na mkaazi hutozwa ushuru wa mshahara hata akiuchumia nje.

Nilishtuka, maana TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wanakata kwangu kila mwezi. Mkataba wa Afrika Mashariki wa kuzuia kutozwa mara mbili ulitiwa saini 2010, ila haujaanza kutumika. Dada yule akanionyesha kwamba sheria ya Kenya yenyewe inamruhusu raia aliyeajiriwa nje kuondoa ushuru aliolipa huko kwenye ule anaodaiwa hapa. Sharti ni ushahidi. Kwa hiyo kila mwaka naomba barua ya ushuru niliolipa Tanzania, naiambatanisha na hati za mshahara, na ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, naituma KRA kabla ya Juni 30. Viwango vya nchi hizi mbili havipishani sana kwa mshahara kama wangu, hivyo kinachobaki kulipwa huwa kidogo.

Pensheni ndiyo iliyoninyima usingizi. Nchi zote mbili zina NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, lakini miezi ya michango ya huku haijumlishwi na ya kule. Tanzania, ili upate pensheni ya kila mwezi ukifika 60, unahitaji michango ya miezi 180. Ukipungukiwa, unapewa pesa mara moja kwa mkupuo, na mkupuo huisha. Nikaomba taarifa ya michango yangu: kuna miezi ilikatwa kwenye mshahara lakini haikuonekana kwenye akaunti. Nilikuwa na hati zote, nikampelekea mhasibu wa kazini moja moja, mezani kwake, hadi mwajiri akalipa. Bila zile karatasi ningedai kwa mdomo tu.

Akaunti yangu ya NSSF ya Kenya sikuiacha ilale. Nachangia kwa hiari. Na mkataba mpya wa kazi Tanga nilipoletewa, nilihesabu kwanza miezi iliyobaki kufika 180 ndipo nikatia saini. Mke wangu alitaka nirudi mapema. Tulikaa na kalamu, tukaona kuondoka sasa ni kuitupa pensheni ya uzeeni, akakubali nimalizie.