Nilivyosaka asili ya tope la Gazi

Swali langu la uzamili lilikuwa fupi: lile tope jeusi chini ya nyasi bahari za ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, limetokana na nini? Majani ya mikoko, nyasi zenyewe, au vijimea vinavyoelea majini?

Tulikwenda siku za bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa. Tulipigilia bomba la plastiki kwa nyundo, tukaliziba juu, ndipo tukalichomoa na tope lake. Mzee aliyetuongoza hakuyajali mabomba, macho yake yalikuwa kwenye mkondo. "Mwanangu, fanya hima. Maji hayangoji shule yako."

Nilitegemea isotopu za kaboni, yaani aina zake nyepesi na nzito: uwiano wake hutofautiana mmea kwa mmea, na huandikwa kama tofauti na kipimo cha rejea, kwa sehemu za elfu. Mikoko husoma karibu hasi 28 kwa elfu, vijimea vya majini hasi 20 hadi 22, na nyasi bahari, kwa mujibu wa vitabu, hasi 10 hadi 15.

Majibu ya kwanza: hasi 3. Hakuna kati ya hivyo vitatu chenye namba hiyo! Kumbe mchanga wa pale umejaa chembe za matumbawe na makombe, ambazo kaboni yake husoma karibu na sifuri, nami sikuziondoa. Nikaanza upya, asidi tone kwa tone, povu likifoka mpaka likanyamaza. Vikopo vya kuwekea tope la kupimwa vikawa vya fedha, maana bati huliwa na asidi. Naitrojeni niliipima kwenye unga wa tope usioguswa na asidi, kwani asidi huondoka na sehemu yake.

Safari hii nikapata hasi 20. Nilifurahi dakika tano hivi. Hasi 20 yaweza kuwa mikoko nusu na nyasi nusu, au vijimea vitupu! Uwiano wa kaboni na naitrojeni ndio uliosaidia: kwa vijimea ni 6 au 7, na tope langu lilipita hapo maradufu. Basi nikaandika nusu kwa nusu.

Baadaye nilirudi kuchuma nyasi za palepale. Zilizo jirani na mikoko zilisoma hasi 17. Mikoko ikioza, kaboni yake huyeyuka majini na nyasi huitumia kujijenga. Jambo hilo lilichapishwa kuhusu Gazi hiyohiyo mwaka 1994, nami sikuwa nimelisoma. Nikakokotoa tena, fungu la mikoko likashuka hadi kama robo.

Msimamizi akauliza kwa nini sikuchuma nyasi tangu siku ya kwanza. Nikamjibu kwamba ndoo ilikuwa imejaa tope.