Siku Moja Maishani Mwangu: Kusaka Protini za Uveitisi

Natafuta protini zinazoweza kutambulisha uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho. Saa 2 asubuhi. Kwanza friza ya nyuzijoto -80, kisha jedwali la wagonjwa: nani ana uveitisi, nani ni wa kulinganishwa, nani keshaanza matone ya steroidi. Hilo la mwisho sharti liandikwe, maana steroidi hushusha protini za uvimbe na mgonjwa akaonekana kama mtu mwenye afya.

Saa 3. Machozi. Karatasi ya Schirmer, kipande chembamba kinachofyonza machozi, hutundikwa upande wa nje wa kope la chini kwa dakika 5, ikatolewa kwa koleo, ikaenda moja kwa moja kwenye barafu. Daktari wa macho naye huvuta majimaji ya chumba cha mbele cha jicho kwa sindano ya geji 30. Hupatikana kama mikrolita 100 tu, hakuna ya kuchezea. Chembe ya damu ikiingia, sampuli imekwisha: damu ina protini nyingi mno kuliko majimaji hayo, na albumini, protini kuu ya damu, itafunika kila kitu.

Saa 5. Sentrifuji ya baridi, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, huondoa seli, kisha sampuli hugawanywa mikrolita 20 kwa kila kichupa, ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu. Kuyeyusha na kugandisha tena huharibu protini, na ukijachambua huwezi kutofautisha uharibifu na ugonjwa.

Saa 8 mchana. Protini zikishapimwa, kemikali ya DTT hufungua vifungo vya salfa vinavyoshikilia mikunjo yake kwa dakika 30 kwenye nyuzijoto 56. Hufuata iodoasetamidi, ya kuzuia vifungo hivyo visijifunge tena, dakika 30 gizani kwa kuwa mwanga huivunja. Ukiwa umetumia urea kukunjua protini, usivuke nyuzijoto 37 katika hatua yoyote, la sivyo itajibandika kwenye protini. Mwisho tripsini, kimeng'enya kinachokata protini kuwa vipande viitwavyo peptidi, sehemu 1 kwa sehemu 50 za protini, ilale kwenye nyuzijoto 37 hadi kesho.

Saa 9. Peptidi za jana husafishwa kwa kichujio cha C18 na kuingia kwenye spektrometa ya masi, mashine inayozitambua kwa uzito wake. Mpangilio ni wa kubahatisha. Wagonjwa wakitangulia wote na wenzao wakafuata, utakuwa umepima uchovu wa mashine. Keratini, protini ya ngozi na nywele, ikijaa, kuna aliyeinamia vichupa bila kofia.

Saa 11 jioni. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukilinganisha protini 1,000 kwa kigezo cha p (kipimo cha kitakwimu cha bahati) chini ya 0.05, takribani 50 zitajitokeza kwa bahati tu, hata kama makundi hayatofautiani kabisa. Kwa hiyo husahihishwa kwa njia ya Benjamini na Hochberg, inayodhibiti matokeo ya uongo. Zinazobaki bado zinaweza kudanganya. Protini za S100A8 na S100A9 hupendwa sana, lakini hutoka kwa neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, nazo hufurika kwenye uvimbe wa aina nyingi. Jicho lililovimba huvujisha protini za damu, chanzo kiwe kinga ya mwili au virusi. Ndiyo maana kulinganisha na wagonjwa wa mtoto wa jicho peke yao hakunitoshi: kunaonyesha uvimbe upo, jambo ambalo daktari alishaliona kwa taa yake. Lazima wawepo wenye uveitisi ya virusi vya herpesi na ya kimelea cha toksoplasma, na hata limfoma (saratani) ya jicho, ambayo hujifanya uveitisi.

Protini inayobaki baada ya mchujo huo ndiyo inayoagiziwa ELISA, kipimo cha protini moja kwa kutumia kingamwili, kwa sampuli za wagonjwa wengine kabisa.